Mikono ya Bi Mahfudha

Juzi alitujia bwana mmoja kutoka Malindi, mwenye miwani na koti, akatuhutubia kwenye uwanja wa shule habari za utu. Alisema huko ng'ambo wako watu waliojiunga pamoja, na imani yao ni kwamba binadamu anastahili heshima kwa kuwa ni binadamu, basi. Kwamba mtu atende wema kwa sababu mwenzake anauhitaji, si kwa kutamani pepo wala kuogopa moto. Na kwamba akili tunazo ili tuulize na tupime, si kufuata tu. Alisema vizuri, simvunjii heshima. Lakini alisema kana kwamba ndiyo kwanza kitu hicho kinashushwa melini, bado kimefungwa kamba. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu keti nikupe kahawa. Hayo yako yote yalikuwapo hapa hapa Mambrui, yakivaa buibui na kutafuna tambuu, na jina lake lilikuwa Mahfudha."

Watu wakacheka. Yule bwana akatoa kalamu aandike, nikamwambia airudishe mfukoni, maana mtu akiandika hasikilizi. Akairudisha. Nikamhadithia kama ninavyowahadithia ninyi sasa.

Bi Mahfudha binti Abubakr alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa Mambrui, mtu alikuwa akitumwa kwake kabla hata ya kutumwa msikitini. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko kilichovuka nyua. Mumewe alikufa zamani, mtoto hakujaliwa, akawa anakaa na kaka yake Salmin katika nyumba ya mawe iliyobaki nusu. Kupika hakujua hata kidogo. Wali wake ulikuwa ama uji ama changarawe, na Salmin, maskini, alikuwa akila kwa adabu huku akitazama dari. Kwenye maulidi alisinzia waziwazi, kinywa wazi, mpaka mtu amsukume bega.

Lakini mpe maiti, utamwona mwingine. Mikono ile minene ilikuwa ikienda taratibu, haishtui, haivuti, kana kwamba aliyelala pale anaweza kuumia. Alisema na maiti wake. "Nakugeuza sasa, mama, usikasirike." Akimaliza alinawa, akatoka, akaomba mahamri. Kulikuwa na waliochukia, wakamwuliza iweje ale mara baada ya kazi ile, haogopi? Akasema, "Nimwogope nani? Aliyekufa hajanisengenya hata siku moja. Nyinyi ndio nawaogopa."

Na hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalimeza. Mtoto wa jirani aliharisha mpaka macho yakazama, na mganga akasema ni pepo wa baharini anataka mbuzi mweusi. Watu wakaanza kutafuta mbuzi. Bi Mahfudha akaenda kuchungulia kisima cha nyumba ile, akateremsha ndoo, akaitikisa huku na huku, akatoka na paka aliyekufa, amevimba. Akamnyanyua kwa mkia mbele ya mganga na umati wote. "Pepo wenu huyu hapa," akasema. "Sasa mchemshieni mtoto maji ya kisima kingine." Mtoto akapona. Mganga hakumwamkia mpaka kufa kwake.

Msije mkamzushia kwamba hakuwa na dini. Alisali kama sisi, alifunga kama sisi. Ila hakuwa akipiga hesabu za thawabu. Mtu akimwambia, "Kwa wema huu utaiona pepo, Bi Mahfudha," yeye alikuwa akikunja uso kama aliyepewa chai isiyo sukari. "Mimi nimekwenda kwa sababu yule bibi alikuwa peke yake," alikuwa akijibu. "Pepo ina mwenyewe."

Sasa nije kwa mama yangu, Bi Zuleikha, maana bila yeye hadithi hii haiendi. Mama alikuwa mwungwana kupita waungwana. Nasaba yake ilikuwa ya Pate, na ilimradi kuna mgeni wa kumsikiliza, Pate itatajwa. Alijua nani akae mkekani na nani akae kitini, nani apewe kikombe cha kauri na nani apewe kata ya kifuu. Siku zile ilikuwa miaka michache tu tangu Mzungu apige marufuku utumwa kabisa, na mjini kila mtu alikuwa akimkumbusha mwenzake nani ni nani. Mama alikuwa akikumbusha kuliko wote. Nilimpenda, na nilimwogopa, na nikamwiga hata nilipokwisha kuolewa.

Nyumba yetu ilipakana na duka la Banyani mmoja, Bhikhubhai, aliyeuza nguo na kununua ufuta wa wakulima wa Kakuyuni. Nyuma ya duka ndiko alikokaa na mkewe, Lata. Wanawake wa Kibanyani wengine hatukuwa nao Mambrui. Wenzake wote walikuwa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Kiswahili cha Lata kilikuwa cha maneno ya sokoni tu. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, bangili mpaka kiwikoni, na ukimsalimu alikuwa akifunika mdomo kwa ncha ya sari na kucheka macho.

Mtu wa kwanza kumpata Lata alikuwa Bi Mahfudha. Alikwenda kununua uzi akarudi magharibi. Walikuwa wakikaa uani, huyu anasema Kiswahili, yule anasema Kihindi, na kicheko kikiruka ukuta kuja kwetu. Mama alikuwa akisonya. "Wanacheka nini na hawaelewani?" Nami nikijiuliza vivyo hivyo, ila mimi nilikuwa natamani.

Mwaka mmoja, kabla ya vita vya Mjerumani, masika yalikuja na mvua ya kutisha. Sabaki ukafurika, maji mekundu, miti mizima ikipita inapinduka, na mitumbwi ya kuvusha watu ikapandishwa juu kabisa. Mambrui ikawa peke yake. Ndipo homa ikamkamata Lata, na asubuhi moja tukasikia Bhikhubhai akilia upande wa pili wa ukuta, sauti nyembamba kama ya mtoto.

Kwao maiti hangoji. Lazima aoshwe na avikwe na wanawake wa kwao, kisha achukuliwe na kuchomwa siku ile ile. Na wanawake wa kwao walikuwa ng'ambo ya mto. Bhikhubhai akatoka, akasimama kwenye kizingiti cha duka bila kilemba. Hatukuwahi kumwona kichwa wazi. Watu walipita wakampa pole kwa mbali, maana hakuna aliyejua afanye nini. Yeye mwenyewe kumwosha mkewe hakuweza. Kila akimgusa alikuwa akianguka.

Bi Mahfudha akaja na kikapu chake mkononi, mvua ikimchuruzika. Habari ikatangulia mbele yake, na alipofika mlangoni pa Bhikhubhai alikuta wanawake wamekwisha kusimama pale, na mama yangu mbele yao.

"Mahfudha," akasema mama, "unakwenda wapi na vyombo vya kuoshea Waislamu?"

"Kwa Lata."

"Yule ni Banyani. Anaabudu anavyojua mwenyewe, na atachomwa moto. Wewe yakuhusu nini?"

"Nimemtuma Salmin kwa khatibu," akasema Bi Mahfudha. "Khatibu asema kumsalia hapana, lakini kumwosha hakukatazwi wala hakulazimishwi. Basi Mungu kaniachia mwenyewe niamue, Zuleikha, nami nimeamua."

Mama hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Akamnyoshea kidole. "Basi sikia. Ukiingia humo, mikono hiyo haitatugusa tena. Si mimi, si binti yangu, si mama wa yeyote hapa. Tutatafuta mwosha mwingine."

Kila mmoja pale alijua hilo ni jambo gani. Bi Mahfudha hakuwa na mume wala mtoto. Kazi ile ndiyo iliyomfanya awe na nafasi katika kila nyumba, ndiyo iliyomfanya aitwe na akumbukwe kwenye harusi. Ukimwondolea hiyo, unamwachia wali mbichi na Salmin. Nilimwona uso wake ukibadilika. Nadhani alikuwa anakaribia kulia. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka.

"Mungu ana malaika wengi wa kumtumikia, Zuleikha. Lata hana mtu."

Akaingia.

Hakuna mwanamke aliyemfuata kumshikia maji. Aliyekwenda alikuwa Mbeyu, Mgiriama, mke wa Randu aliyekuwa akituuzia kuni. Walikuwa wamekwama mjini kwa ajili ya mvua. Mbeyu hakuwa Mwislamu wala Banyani, na hakuuliza jambo lolote. Aliweka mzigo wake chini, akajifuta mikono kwenye hando, ile sketi yao ya marinda, akaingia.

Mama alinivuta nyumbani kwa mkono. Lakini ukuta wa ua ulikuwa wa matumbawe, una matundu, na mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kusimama penye tundu. Nami nikasimama jirani yake. Hakunifukuza. Tukaona yote, tumegusana mabega, mvua sasa imekuwa manyunyu.

Alimlaza Lata chini ya paa la makuti, akamfunika, akamwosha kwa chini ya kitambaa kama alivyowaosha wafu wetu wote, upande wa kulia kwanza, maji aliyotia karafuu maiti. Mbeyu akimimina. Alimchana nywele. Alimwambia maneno, sikuyasikia, nadhani ni vichekesho vyao. Kisha akafungua kikapu, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na mama akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Ile ni sanda yake mwenyewe," mama akanong'ona.

Ndiyo. Marehemu mumewe alimletea kutoka Makka, imetiwa maji ya Zamzam. Kila mwanamke wa Mambrui alikuwa akiijua sanda ile. Alikuwa akiitoa kila mwaka kuianika, akitutania kwamba ndiyo nguo pekee itakayomtosha bila kushonwa upya. Hiyo ndiyo aliyomvika Lata. Alikuwa hana kitu kizuri zaidi yake duniani, akampa. Akamfunga vizuri, mweupe pe, akamnyunyizia marashi. Kisha akamwita mwenye mke.

Bhikhubhai akaja. Alitazama. Lo! Mlio alioutoa mtu yule sitausahau.

"Mimi niko hai!" akapiga kelele. "Mimi sijafa, mimi niko hapa! Kwa nini umemfanya mjane?"

Alianguka magoti akaanza kuivuta ile sanda, na hakuweza kuifungua, akawa anaipigapiga tu. Mbeyu akarudi nyuma. Mimi nilifikiri, sasa Bi Mahfudha atakasirika. Mtu amepoteza mji mzima kwa ajili yako, amekupa sanda ya Makka, wewe unamfokea? Mimi ningalikasirika. Mama pia, nilimsikia akivuta pumzi.

Bi Mahfudha akakaa chini. Palepale kwenye tope, kwa mwili wake ule, akakaa chini mbele ya Bhikhubhai ili asiwe juu yake.

"Sikujua," akasema. "Nimekosea. Niambie, ndugu yangu. Niambie kwenu vikoje, nifanye hivyo."

Bhikhubhai akaiachilia sanda. Akasema, vipande vipande, kwamba kwao nyeupe ni ya aliyefiwa na mume. Mke anayetangulia mumewe ana bahati, na huondoka kama bibi harusi: sari nyekundu, bangili zake zote, na unga mwekundu kwenye njia ya nywele. Lata alikuwa amemwambia mara nyingi, kwa mzaha, kwamba yeye atatangulia, ili avae nyekundu. "Na sasa angekwenda hivi," akasema, akionyesha ile sanda, akalia upya.

"Hatakwenda hivyo," akasema Bi Mahfudha.

Akaanza tena. Akaifungua sanda mkunjo kwa mkunjo. Bhikhubhai akaleta sari ya harusi kutoka sandukuni, nyekundu ya damu, ukingo wa dhahabu, na kila hatua Bi Mahfudha alikuwa akiuliza. "Ncha hii ije juu au chini? Bangili mkono huu kwanza, au haidhuru?" Mwosha wa miaka mingi, anauliza kama mwari jikoni. Bhikhubhai akakaa ameupa kisogo mwili wa mkewe, akijibu, na kadiri alivyokuwa akijibu kilio kilikuwa kikitulia. Nguo ikamkaa Lata vizuri. Ulipofika wakati wa ule unga mwekundu, Bi Mahfudha alikishika kibweta, kisha akasita.

"Hapa pana mwenyewe," akasema. Akampa Bhikhubhai, akageukia ukutani pamoja na Mbeyu ili mume abaki na mkewe.

Nikamtazama mama. Alikuwa analia, machozi yanateremka tu, hayafuti. Nilishangaa mno. Nikamwuliza, "Mama, vipi?" Akaniambia nikapepete mchele.

Ile sanda Bi Mahfudha alitaka kuirudisha kikapuni, lakini Bhikhubhai akaomba Lata abaki nayo. Akaikunja akaiweka chini ya kichwa cha Lata, iwe mto wake. Wakamchukua Lata, Bhikhubhai na Salmin mbele, Randu na ndugu yake nyuma, mpaka ufukweni akachomwe. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Randu na Mbeyu wakazunguka jikoni mwa watu kukusanya vifuu vikavu, na nyumba nyingi, hata zile ambazo wanawake wake walisimama mlangoni asubuhi, zikatoa. Kwetu mama alitoa kapu zima, akasema linamjazia nafasi tu.

Mtafikiri mambo yakaisha kwa heri. La. Watu wanaweza kutoa vifuu na wasisamehe. Neno alilolisema mama mbele za watu lilibaki palepale, na mama hakuwa mtu wa kulimeza tena. Akafa bibi mmoja karibu na msikiti, akaitwa mwosha mwingine. Akafa mwingine, hivyo hivyo. Bi Mahfudha alikuwa akisikia kilio, anasimama, anachukua kikapu, anangoja, kisha anakiweka chini. Kicheko kikapungua. Nilikuwa nikipita kwake kwa siri kumpelekea chakula kinacholika, na siku moja nikamwuliza kama anajuta.

"Najuta sanda," akasema.

"Kwamba ulimpa?"

"Kwamba sikumwuliza Bhikhubhai kwanza. Nilimpenda Lata, Mwanakombo, wallahi nilimpenda. Lakini nilimvika mapenzi yangu mimi. Hayakuwa yake. Nikadhani kwa kuwa nina moyo mzuri basi najua." Akatema tambuu. "Kupenda hakutoshi. Uulize. Mtu ndiye anayejua alivyo."

Hilo ndilo nililomwambia yule bwana wa miwani, na hapo ndipo alipotaka tena kutoa kalamu.

Sasa yule mwosha mpya, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya wajukuu zake, alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Akimwosha mtu, kufika alasiri mji mzima unajua marehemu alikuwa na kidonda wapi, nywele zake zilikuwa za bandia au za kweli, tumbo lina alama ya kuungua na nani alimwunguza. Wanawake wakaanza kuogopa kufa. Nacheka, lakini ni kweli. Wakaanza kwenda kwa Bi Mahfudha mmoja mmoja, mchana jua kali wakati watu wamelala, kupitia mlango wa uani. Mmoja alitaka fulani asiingie chumbani kamwe. Mwingine aliomba afunikwe kifua, maana ziwa lake moja lilikatwa na mganga. Kulikuwa na bibi aliyetaka tu asimwagiwe maji ya baridi, maana maisha yake yote alichukia baridi. Bi Mahfudha aliwauliza, akawasikiliza, hakucheka ila walipocheka wao. Na walipokufa, watu wao walikuwa na wasia mkononi: aje Mahfudha. Nani angeupinga wasia wa marehemu? Hivyo akarudi, nyumba kwa nyumba, bila mtu kutangaza kwamba amerudishwa.

Isipokuwa nyumba yetu. Mama alipokutana naye njiani alimwamkia kwa adabu kavu, akapita. Vita vikaja, njaa ikaja, vita vikaelekea kwisha. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kifua cha mama kikaanza kumsumbua, akawa anakonda mbele ya macho yangu. Siku moja akajivika vizuri, akapaka wanja, akaniambia nimsindikize.

"Wapi, mama?"

"Kwa Mahfudha. Na twende njia ya mbele."

Tukapita katikati ya mji mchana, yeye ameniegemea, watu wote wakituona. Bi Mahfudha alifungua mlango akashikwa na bumbuazi, tambuu shavuni. Mama akasema, "Hodi, shoga." Hakuwahi kumwita shoga. Nikaambiwa nikae nje barazani na Salmin. Wakakaa ndani kitambo kirefu. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia mama akilia, kilio cha kukatakata, kisha sauti ya Bi Mahfudha ikiuliza na kuuliza, polepole. Walipotoka wote wawili macho yalikuwa mekundu na Bi Mahfudha amemshika mama mkono kama dada yake. Njia nzima mama hakusema ila neno moja, tulipokaribia nyumbani. "Siku yangu ikifika, maji umimine wewe. Asiingie mwingine."

Siku yake ikafika baada ya Idi. Bi Mahfudha akaja na kikapu, akawatoa wanawake wote, shangazi zangu na majirani, wote, akafunga mlango wa chumba. Tukabaki yeye na mimi na mama. Nilishika kopo. Aliosha mbele, chini ya kitambaa, sikuona kitu. Kisha akaniambia, "Sasa tunamgeuza, Mwanakombo. Kaza moyo. Alitaka uone."

Akakivuta kitambaa.

Mgongo wote wa mama yangu ulikuwa na chale. Zilizochanjwa na kuinuka, safu kwa safu, kutoka mabegani mpaka kiunoni, zimepangwa kwa ufundi. Nilizijua. Kila mtu wa Malindi na Mambrui alizijua. Ndizo walizokuwa nazo vibibi vya Kinyasa waliolima mashamba ya mtama ya mabwana zamani, walioletwa na majahazi wakiwa watoto na kuuzwa. Mama hakutoka Pate. Mama aliletwa. Alikuwa na mama yake mahali, na jina jingine, na mtu aliyekaa akamchanja mgongo huu kwa mikono ya upendo ili awe mzuri, kabla hajaibiwa. Baba alijua, Bi Mahfudha akaniambia, maana ndiye aliyemwacha huru akamwoa, akafa nalo moyoni.

Wako watakaosema ningenyamaza. Nimenyamaza vya kutosha. Aibu hii haikuwa ya mama hata siku moja. Ni ya walionunua. Maisha yake yote alikuwa akiwaketisha watu mkekani na kitini asije mtu akamketisha yeye.

Kopo likaniinamia, maji yakamwagika. Nikamwuliza Bi Mahfudha, "Mimi ni mwanawe. Kwa nini asiniambie?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo," akasema. "Akasema anataka ujue. Lakini uso wako wakati wa kujua, hakuweza kuutazama. Aliogopa ataona kitu."

"Kitu gani?"

Alisimama tu, amekishika kitambaa, ananingoja.

Nikaweka kopo chini. Nikakunja mikono ya nguo yangu, nikapiga magoti, nikauosha mgongo wa mama kwa mikono yangu mwenyewe, chale moja baada ya nyingine, toka begani, nikimwambia, "Nakuosha mimi, mama, ni mimi, umeniona uso?" Na Bi Mahfudha akainama, akaokota kopo, akawa ananimiminia maji.